Asilimia 5 ya nini? Filamu imeruka ukumbi ikaenda kwenye apu, mwigizaji anadai nini

"Shikamoo wakili. Mimi ni mwigizaji nipo Dar. Mwaka jana nimecheza filamu, mimi ndo mhusika wa pili kwa ukubwa, siku 19 seti. Bei yangu huwa milioni 4 ila prodyuza akaniambia bajeti imebana, nichukue milioni moja na nusu halafu atanipa asilimia 5 ya faida ya maonyesho ya sinema, nikasaini. Tukaambiwa itaanza kwenye kumbi za Dar na Arusha. Sasa nasikia imeuzwa kwenye mtandao wa kustrimu, sinema haiendi kabisa, labda usiku mmoja tu wa zulia jekundu. Nimemuuliza ananijibu hakuna tiketi hakuna asilimia. Rafiki yangu anasema yule dada wa Black Widow aliwashtaki Disney akashinda kwa hiyo na mimi nina haki. Wengine wanasema kwenye apu kila mtu akiangalia kuna hela inaingia. Haki yangu ni ipi? Halafu nimeletewa mkataba mwingine wa sirizi umeandikwa 'kwa njia zote, duniani kote, milele'. Nisaini au nikimbie?"

Marahaba mdogo wangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kama wakili na ya pili kama mtu aliyeshaona hii filamu, maana ukitoa apu ukaweka DVD ni stori ileile ya miaka ile. Unachoumia nacho nimekielewa: ulishusha bei yako kwa milioni mbili na nusu ukiamini kuna kitu kinakuja mbele, sasa mlango ambao hicho kitu kilitakiwa kipitie umefungwa na aliyeufunga ni yuleyule aliyekuahidi. Hiyo hesabu ya milioni mbili na nusu ishike vizuri, tutairudia.

Kwanza nikutoe kwenye Black Widow, maana siku hizi kila mwigizaji anaitaja. Scarlett Johansson, ndo huyo dada aliyecheza filamu ya Black Widow, hakushinda kesi. Alifungua kesi Los Angeles tarehe 29 Julai 2021, wiki tatu tu baada ya filamu kutoka siku moja sinema na kwenye Disney+, apu ya kustrimu ya Disney wenyewe, tarehe 9 Julai, ambapo mtu wa nyumbani alikuwa analipia kama dola 30 juu ya malipo yake ya kila mwezi. Mwisho wa Septemba mwaka huohuo wakamalizana nje ya mahakama, kiasi hakikutangazwa, na hakuna jaji aliyeandika hukumu kwamba mwigizaji akihamishwa kutoka ukumbini kwenda kwenye apu lazima alipwe. Kwa hiyo ukimwendea prodyuza wako na hiyo stori na yeye ana wakili mzuri, watakucheka.

Ila kesi yenyewe ina mafunzo. Wikiendi ya kwanza Disney wenyewe walitangaza filamu imeingiza dola milioni 80 kwenye kumbi za Marekani na Canada, na milioni 60 kupitia Disney+ dunia nzima. Bonasi za yule dada zilikuwa zimefungwa kwenye mapato ya kumbi. Sasa hizo milioni 60 ni watu wamekaa kwenye makochi yao wanaangalia filamu ileile, sura ileile, ila kwa mujibu wa mkataba hawapo, ni kama mtu aliyeingia harusini bila kadi, anakula ila kwenye orodha hayumo. Ndo kilichomuuma. Disney wakajibu kwamba alishalipwa dola milioni 20, na huko mtandaoni angepata nyongeza pia.

Mkataba wake ulisema filamu itatoka kwa upana kwenye kumbi, kwenye skrini zisizopungua 1,500. Ilitoka kweli. Neno ambalo halikuwepo ni "pekee". Upande wake ukasema kila mtu kwenye biashara anajua kutoka sinema maana yake ni sinema kwanza, miezi mitatu hivi, ndo mengine yafuate, na wakatoa imeili ya mwaka 2019 ambayo wakili wa Marvel, studio ya Disney iliyotengeneza filamu ile, alikuwa amekubali kwamba mpango ukibadilika itabidi wakae waongee upya kwa sababu dili lote limejengwa juu ya bonasi za kumbi. Unaona? Mtu ana mawakili wa bei mbaya, bado akaishia kutegemea imeili ya zamani kuziba pengo la neno moja. Ndo maana nawaambia wasanii msifute meseji, hata zile za "poa boss".

Na kitu kimoja kidogo ambacho wengi hawakioni: alimshtaki Disney, kampuni mama, kwa kuingilia mkataba wake na Marvel. Huku kwetu inakuja kwa sura nyingine, umesaini na kampuni A halafu filamu inauzwa na kampuni B ya prodyuza yuleyule au ya shemeji yake, ukidai unaambiwa "sisi hatukujui". Hebu angalia jina lililo juu ya sahihi kwenye karatasi yako, halafu ulizia filamu imeuzwa kwa jina la nani.

Sasa twende kwenye karatasi yako, ambayo hukunitumia kwa hiyo nakuongoza uisome mwenyewe. Tafuta sentensi ya sinema. Kama imeandikwa filamu "itaonyeshwa" kwenye kumbi, hiyo ni ahadi, amekuahidi kufanya kitu na hajakifanya, una la kusimamia. Kama imeandikwa "ikionyeshwa" kwenye kumbi utapata asilimia 5, hapo amekuambia tu ikitokea, haikutokea, basi. Ta na ki. Nimeshakaa kwenye kikao cha usuluhishi saa nne nzima watu wazima tunabishana silabi kama walimu wa darasa la sita. Na kama haina sentensi ya kumbi kabisa, imeandikwa tu "asilimia 5 ya faida ya filamu", hongera, umeshinda bila kujua, kwa sababu hela ya apu nayo ni mapato ya filamu. Ila ngoja usishangilie, kuna neno "faida".

Chukua mfano wa hesabu, namba ni zangu za kufundishia usije ukampelekea mtu. Apu imelipa shilingi milioni 90 kuikodi filamu kwa miaka 3. Dalali aliyewaunganisha anakata asilimia 20, milioni 18, zinabaki 72. Prodyuza anasema alitumia 65 kutengeneza, zinabaki 7. Halafu apu ilitaka faili za ubora fulani, sauti ichanganywe upya, tafsiri ya chini ya skrini iwekwe, hiyo milioni 6. Imebaki milioni moja. Asilimia 5 ya faida ni shilingi elfu 50, nauli ya bodaboda na chipsi kuku. Asilimia hiyohiyo 5, ingekuwa ya mapato kabla ya kukata kitu, ni milioni nne na laki tano. Hakuna mtu aliyeiba hapo, prodyuza anaweza kuwa mkweli kabisa na risiti zake zote zipo. Ndo maana mwigizaji akiniambia amepata asilimia 5 huwa namuuliza asilimia 5 ya nini, inayohesabiwa na nani, baada ya kukata nini. Wengi wananyamaza.

Hili la "kila mtu akiangalia hela inaingia" ndo uzushi mkubwa kuliko wote, na naelewa unatoka wapi, watu wanachanganya na YouTube ambako kweli matangazo yanalipa kadiri watu wanavyoangalia. Apu za kulipia kwa mwezi hazikatishi tiketi. Mteja analipa mara moja kwa mwezi anaangalia anachotaka, hiyo hela yake haina jina la filamu yako. Kinachofanyika mara nyingi ni kwamba apu inamlipa prodyuza kiasi kimoja mwanzoni, ama imeikodi filamu iliyokwisha kutengenezwa kwa miaka kadhaa, ama imeiagiza yenyewe itengenezwe, inalipa gharama zote na kitu kidogo juu, halafu inakuwa mali yake moja kwa moja. Ukiangaliwa na watu mia au na watu laki tatu, malipo ni yaleyale. Zipo chache zinazogawana mapato kwa dakika zilizoangaliwa au kwa kila aliyenunua, na hapo asilimia ina maana, lakini hata hapo ripoti anapewa prodyuza, wewe hupewi mpaka mkataba wako useme upewe.

Utaniuliza mbona Marekani waigizaji wanalipwa kila filamu ikirudiwa. Ni kweli wanalipwa, ila sio kwa huruma ya studio. Mwaka 1960 chama chao kiligoma, kiongozi akiwa Ronald Reagan, huyohuyo aliyekuja kuwa rais wa nchi, ndo wakapata malipo ya filamu za sinema zikionyeshwa kwenye televisheni. Na hapo wakasamehe za nyuma, filamu za kabla ya 1960 hazikumlipa mwigizaji mmoja mmoja, studio zikatoa dola milioni 2.25 kwenye mfuko wa pensheni na matibabu, wazee wengi walikufa na kinyongo hicho. Mfumo ule ulifanya kazi kwa sababu televisheni inarudia: kila kurudia ni tukio, kuuza kwa steshoni nyingine ni tukio lingine, na kila tukio lina hundi yake. Apu hairudii, filamu imekaa tu rafuni saa 24, hakuna tukio. Ndo maana kuna waigizaji wa sirizi kubwa kabisa waliposti mitandaoni hundi za senti. Mwaka 2023 wakagoma tena, siku 118, kuanzia 14 Julai mpaka 9 Novemba, wakatoka na bonasi: kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya kustrimu ikiangaliwa kwa kiwango cha asilimia 20 ya wateja wa ndani ya Marekani ndani ya siku 90 za mwanzo, kuna nyongeza inalipwa, robo yake inaenda kwenye mfuko wa kugawia waigizaji wengine. Kazi nyingi hazifiki hapo. Kwa hiyo hata huko mteremko haupo.

Sisi mkataba wa namna hiyo wa chama kizima na maprodyuza wote hatuna. Na usijilinganishe na rafiki yako mwanamuziki anayepokea mgao, sheria za kimataifa ziliwatenga waigizaji toka zamani: Mkataba wa Roma wa 1961, kifungu cha 19, unasema mtendaji, yaani mwigizaji au mwimbaji, akishakubali kurekodiwa kwenye filamu, ulinzi wake chini ya mkataba ule unaishia hapo. Mwimbaji kwenye sauti analindwa, mwigizaji kwenye filamu amesaini ameondoka. Mkataba wa Beijing wa 2012 ulikuja kurekebisha, ukaanza kutumika Aprili 2020, lakini nao unaruhusu nchi kuweka kwamba ukikubali kurekodiwa haki zimehamia kwa prodyuza, labda muandikiane vingine. Labda muandikiane vingine! Kwa hiyo tumerudi palepale kwenye karatasi yako.

Nikuambie na aibu yangu. Nikiwa wakili mchanga, enzi za DVD za Kariakoo, nilimwandikia mwigizaji mmoja mkataba nikajiona mjanja sana, nikampatia shilingi kadhaa kwa kila nakala ya DVD itakayouzwa. Niliandika "DVD" kwa herufi kubwa kabisa. Miaka michache DVD zikafa, filamu ikapandishwa YouTube, ikawa inaangaliwa mpaka na watu wa Oman na Bujumbura, chaneli inaingiza hela za matangazo, mteja wangu sifuri, kwa sababu mimi mwenyewe nilimfungia kwenye kisahani cha plastiki. Alinipigia simu, hakunitukana, aliniuliza tu "wakili, YouTube sio DVD?" Toka siku hiyo siandiki jina la chombo kwenye kifungu cha malipo.

Sasa unafanya nini. Kwa ile filamu iliyoisha, usianze na mahakama. Madai ya mkataba kwa sheria zetu yana miaka 6, hujachelewa, na kesi ya milioni mbili tatu inaweza kula zaidi ya hicho unachodai, bado hujahesabu kwamba mji wetu mdogo na prodyuza huyo ana marafiki maprodyuza. Hilo nakuambia kwa ukweli sio kukutisha. Anza na ile milioni mbili na nusu. Hoja yako yenye nguvu sio Scarlett, ni hii: bei yangu ilikuwa 4, nilishusha kwa sababu ya ahadi ya kumbi, wewe mwenyewe umeamua kuacha kumbi, basi nirudishie nilichoshusha au hamishia asilimia yangu kwenye hela uliyopokea kutoka kwenye apu. Hiyo inaeleweka hata kwa mtu asiye mwanasheria. Kusanya ushahidi kwamba bei yako kweli ni 4, mikataba yako ya nyuma, na kama mliongea kwa WhatsApp au voice note zihifadhi kwenye simu yenyewe usizifowadi tu, maana ushahidi wa kielektroniki mahakamani unapokelewa kwa sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015, ila lazima uonyeshe umetoka wapi na haujachezewa. Kama sehemu ya makubaliano ilikuwa ya mdomo, nayo ni mkataba, Sheria ya Mikataba Sura ya 345 haisemi kila kitu kiwe kwenye karatasi. Kazi ni kuthibitisha tu.

Na mwangalie prodyuza kwa macho mawili. Inawezekana amekuuzia mbuzi kwenye gunia. Inawezekana pia na yeye kumbi zilimpa masharti magumu, apu ikamletea hela mkononi ya kumlipa aliyemkopesha, angekataa angefunga ofisi. Ukimkuta ni wa aina ya pili mtamalizana kwenye chai.

Kuhusu sirizi, "kwa njia zote, duniani kote, milele" usiikimbie. Najua inatisha, ila prodyuza akienda kuuza bila hicho kifungu apu itamrudisha, wanataka waone kila aliyeonekana kwenye skrini ameshaachia haki. Hilo neno halikuibii, linakutaka udai bei yake. Umekubali kwamba hutarudi kudai baadaye, basi hiyo "baadaye" yote iwe ndani ya hela ya leo, usichukue bei ya siku kwa kitu cha milele. Na usikubali tena kushusha bei kwa ajili ya asilimia ya faida. Wakikulazimisha asilimia, sentensi ninayopenda mimi inakwenda hivi: "Mwigizaji atalipwa asilimia fulani ya fedha zote ambazo mtayarishaji, au kampuni yoyote inayohusiana naye, atapokea kutokana na sirizi hii kwa njia yoyote, kabla ya kukata gharama, ndani ya siku 30 tangu kupokea, pamoja na nakala ya taarifa ya malipo." Hawatakubali yote. Watakata "kabla ya kukata gharama" kwanza, hapo ndo mnaanza kuongea, na ukibakiwa na "njia yoyote" na "nakala ya taarifa" umetoka na kitu.

Vingine viwili kwenye sirizi vinauma kuliko asilimia. Angalia wamekushika kwa muda gani: kuna mikataba inasema wakitaka msimu wa pili lazima uwepo, kwa bei ileile, na katikati usifanye kazi ya apu nyingine, unakaa mwaka mzima nyumbani unasubiri simu. Omba tarehe ya mwisho ya wao kuamua, na bei ipande msimu ukipanda. Halafu soma kipande cha sauti na sura. Siku hizi kuna mistari inayompa prodyuza ruhusa ya kutengeneza sauti yako au sura yako kwa AI, aitumie kwenye tafsiri au popote. Wamarekani mwaka 2023 walilipigania hilo, studio ziombe ridhaa na zilipe, na wewe andika hivyohivyo, kwamba nikitumika kwa AI nitaulizwa kila mara na kulipwa kivyake.

Kuna wakati meseji ya mtandaoni haitoshi. Kama karatasi ina kifungu cha usuluhishi nje ya nchi, kama kampuni iliyosaini imefutwa au imebadilishwa jina, kama ulisaini kwa Kiingereza bila kupewa nakala, au kama sasa unaletewa karatasi mpya ya "kufuta madai" usaini haraka ndo ulipwe, usifanye kitu peke yako, nenda na karatasi zako zote kwa wakili ana kwa ana. Chama cha mawakili TLS watakuelekeza, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wanatoa msaada wa kisheria kwa wanawake wasio na uwezo wa kulipa, na mambo ya hakimiliki nenda kabishe hodi COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki.

Kwa leo jioni mtumie prodyuza meseji, sio simu, tuwe na maandishi: "Kaka habari za kazi, hongera kwa filamu kupata nafasi kwenye mtandao. Kwa vile tulikubaliana nishushe bei kutoka milioni 4 kwa sababu ya maonyesho ya kumbi, na mpango umebadilika, naomba tukae wiki hii tuone nalipwaje kwenye mpango mpya. Naomba pia nakala ya mkataba wangu uliosainiwa na pande zote." Usiongeze neno la mahakama. Akijibu hata "sawa tutaongea", piga picha ya skrini, maana hapo ameshakubali kwamba kuna cha kuongea.